Thelathini na Tisa

Mimi ndiye niliyekuwa nikiipokea simu.
Iandikwe hivyo, kabla hujaniuliza.

Saa nane mchana, Julai, kituo cha hewa cha Qumtepa:
sanduku jeupe lenye miguu minne, mbavu zake za mbao,
na ndani yake zebaki ikipanda
kama mtu asiyejua kuwa anatazamwa.
Zulayho hupanda ngazi tatu, hubana pumzi
(pumzi ya mtu hupotosha kipimo, alinifunza siku ya kwanza),
husoma sehemu za kumi kwanza, digrii baadaye,
hufunga kijimlango taratibu, kama mama
aliyemwacha mtoto usingizini.

Arobaini na nne, nukta mbili.

Kisha simu. Sauti ya ofisi ya wilaya
haikutisha wala kupanda; ilikuwa inatafuna kitu, nadhani zabibu.
"Leo mna ngapi huko?"
Nikataja.
"Hapana," ikasema, kwa upole wa karani wa posta
anayerudisha barua isiyo na stempu.
"Mna thelathini na tisa."

Maana sheria ilikuwapo, tena nzuri, imepigwa chapa:
joto likifika arobaini, jembe liwekwe chini,
watu waende kivulini. Na palizi ilikuwa nyuma,
na pamba ilikwisha kuahidiwa Moscow kwa tani.
Basi arobaini haikufika.
Ilikaribia kila siku, ikabisha hodi,
ikaambiwa wenyewe hawapo.

Siku thelathini na moja nilichonga penseli
nikaandika tarakimu mbili zilezile.
Mwandiko wangu ukazidi kupendeza.
Jioni redio ilisoma nilichoandika
nasi tukasikiliza, fulana zimetuganda mgongoni,
tukaitikia kwa vichwa.
Ajabu ya namba: ukiisikia kwa sauti nzuri
ngozi yako mwenyewe ndiyo unayoishuku.

Tarehe kumi na tisa, kijana wa darasa la tisa,
Davron wa fundi baiskeli,
aliinama kung'oa gugu, hakuinuka.
Daktari alishika kalamu, akaniuliza kwa macho.
Nikatazama viatu.
Kwa thelathini na tisa hafi mtu kwa joto.
Akaandika: moyo.
Hivyo uongo wangu ukauzaa wake,
na wake ukauzaa wa mwalimu,
kwamba mtoto alikuwa dhaifu tangu zamani,
mpaka mama yake akaanza kukumbuka
ugonjwa ambao mwanawe hakuwahi kuugua.

Zulayho hakusema neno. Alipika jemu ya aprikoti.

Mwaka huu wamekuja vijana wa chuo, na kompyuta zao.
Wanasema Julai ile, vituo vyote jirani viliungua,
Qumtepa peke yake ilikuwa na nafuu,
kana kwamba wingu moja lilitukalia
mwezi mzima bila kubanduka.
Wanauliza kama palikuwa na miti.

Nikawapeleka ghala la marehemu.
Chupa kwenye rafu, vumbi juu ya vifuniko,
na kwenye kila moja kikaratasi, mkono wake ulioinamia kushoto:
tarehe, kisha *Sukari*, kisha kipimo.
44.2. 43.8. 45.1.
Binti mmoja akacheka: nani hupima sukari hivi?
Halafu akaacha kucheka, akatoa daftari.

Chupa thelathini. Walihesabu mara mbili.

Ya kumi na tisa nilipewa mimi,
mkononi, wiki ya matanga.
Niliila kwa mkate, nimesimama jikoni.
Niliosha chupa, kikaratasi kikalegea,
kikaenda na maji kabla sijakisoma.
Kesho yake nilimrudishia chupa ikiwa tupu, nikamshukuru,
nikasema tamu, ila sukari imezidi.

Alinitazama kama atazamavyo zebaki, amebana pumzi.
"Imezidi," akasema, "kwa ngapi?"